Doa Lina Asili: Mhadhara kwa Mafundi wa Sindano wa Kibaha na Kisarawe



Nimeombwa nizungumze juu ya kuondoa madoa kwenye kazi zilizoshonwa kwa mkono. Wapo watakaoona jambo hili ni dogo, halistahili mhadhara mzima. Mimi naliona ni jambo la haki. Shuka lililodariziwa maua pembe zote nne limebeba wiki kadhaa za macho na vidole vya mtu. Kofia ya viua, ile inayotobolewa vitundu na kuzungushiwa uzi kitundu kimoja kimoja, huweza kumaliza miezi mikononi mwa fundi. Kazi yote hiyo inaweza kuharibika kwa dakika chache ndani ya beseni. Na mara nyingi anayeiharibu si aliyemwaga chai. Ni yule aliyekuja baadaye na chupa ya jiki, akiwa na nia njema kabisa.

Hoja yangu leo ni moja: kila doa lina asili, na dawa yake hutokana na asili hiyo. Anayeuliza kwanza doa limetokana na nini, limekaa kwenye kitambaa gani na limegusa uzi gani, huokoa kazi. Anayeanza kwa nguvu huipoteza. Mengine yote nitakayosema ni ufafanuzi wa hoja hiyo.

Kitambaa kilichoanza kwa ajili ya doa

Tuanze na kitambaa cha kochi, maana kimetandikwa katika sebule nyingi kuanzia Maili Moja hadi Mlandizi, na kuanzia Kisarawe mjini hadi Maneromango. Historia yake inatufaa. Katika Uingereza ya karne ya 19 wanaume walipenda kupaka nywele mafuta yaliyouzwa kwa jina la Makassar, bandari iliyoko katika Indonesia ya leo. Walipoegemea viti, mafuta yaliingia kwenye kitambaa cha kiti, na kiti hakifuliki. Wanawake wakatandika vitambaa vidogo kwenye maegemeo, vya kutoa na kufua, kisha wakaanza kuvipamba kwa sindano. Desturi hiyo ikasafiri pamoja na madarasa ya kazi za mikono ya wasichana, ikafika kwetu, nasi tukaifanya yetu: ua la waridi, jozi ya ndege, maneno ya kumkaribisha mgeni, nyuzi za rangi mbalimbali juu ya kitambaa cheupe.

Maana yake ni kwamba kitambaa cha kochi kilizaliwa ili kipokee doa badala ya kochi. Kofia nayo hukaa juu ya kichwa chenye jasho na mafuta. Kitambaa cha meza hutandikwa siku ya pilau, siku ya maulidi, siku mwali anapotolewa ndani, yaani siku ambazo mchuzi na soda humwagika kuliko siku nyingine. Ukiificha kazi hiyo sandukuni ili isichafuke, umeinyima maisha yake. Ndiyo maana nasema ujuzi wa kusafisha kazi ya sindano ni nusu ya ujuzi wa kuishona. Fundi anayejua kushona tu amejifunza nusu ya fani.

Maswali matatu kabla ya maji

Swali la kwanza ni la kitambaa. Pamba na kitani huvumilia maji ya moto na sabuni, lakini asidi ikiachwa ikakaukia ndani yake hudhoofisha nyuzi hadi zikatike. Hariri na sufu huvumilia siki kidogo iliyochanganywa na maji, lakini magadi na jiki huzila. Tetroni haisumbuliwi sana na chai, ila hung'ang'ania mafuta. Kama hujui ulicho nacho, chomoa kipande kidogo cha uzi kwenye upindo wa ndani, kishike kwa koleo na ukichome juu ya sahani. Pamba huwaka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua. Tetroni huyeyuka ikaacha donge gumu.

Swali la pili ni la uzi, na hapa ndipo misiba mingi hutokea. Uzi mwekundu, wa bluu iliyokolea na mweusi ndio huchuja rangi mara kwa mara, hasa ule wa bei nafuu usio na jina. Kabla ya kulowesha kazi yote, lowanisha kipande cha kitambaa cheupe, kibonyeze juu ya kila rangi upande wa nyuma, hesabu hadi sitini, kisha kitazame. Kikitoka na rangi, kazi hiyo haifai kulowekwa. Itasafishwa sehemu ya doa peke yake, kwa pamba yenye unyevu. Jihadhari pia na zari, ule uzi wa dhahabu au fedha kwenye joho na baadhi ya kanzu: limau na siki huufanya uwe mweusi.

Swali la tatu ni la doa lenyewe. Yapo madoa ya protini, kama damu, maziwa, yai na jasho. Yapo ya tanini, dutu chungu iliyomo katika majani na matunda: chai, kahawa, bibo, utomvu wa mgomba. Yapo ya mafuta. Yapo ya chuma na udongo. Yapo ya rangi, kama manjano na wino. Na upo ukungu, ambao ni kiumbe hai. Kila kundi lina tabia yake, na kinachotibu moja hugandisha jingine. Maji ya moto yanayolainisha mafuta ndiyo yanayopika damu ikashika uzi moja kwa moja.

Kwa hiyo upo mpangilio unaofaa kwa karibu madoa yote. Toa kilicho kikavu kabla ya kutia maji. Tumia maji baridi kabla ya moto. Anza na dawa dhaifu kabla ya kali. Fanya kazi kutoka nyuma ya kitambaa, ili doa lirudi lilikotoka badala ya kulisukuma lipite katikati ya uzi. Na pasi ije mwisho kabisa, doa likishatoka. Watu husema dawa ya moto ni moto. Dawa ya doa ni utambuzi.

Madoa ya ardhi yetu

Kibaha na Kisarawe zina madoa yake, na ni vyema tuyataje kwa majina.

La kwanza ni vumbi jekundu. Wekundu huo ni oksidi ya chuma iliyoshikana na chembe za mfinyanzi. Kosa linalozoeleka ni kupangusa kwa kitambaa kibichi: hapo unageuza vumbi kuwa tope na kulisindilia ndani ya mshono. Acha likauke kabisa. Kung'uta nje, kisha tumia mswaki laini, ukipiga kuelekea nje ya ua na si kulizunguka. Ndipo ufue kwa maji baridi na sabuni ya unga kidogo.

La pili ni bibo, na hili ndilo gumu kuliko yote. Katika msimu wa korosho, miezi ya mwisho wa mwaka, maji ya bibo hurukia nguo yakaonekana kama maji matupu. Mtu hupuuza. Siku zinapopita, tanini hukutana na hewa, na doa hugeuka kahawia lisilosikia sabuni. Utomvu wa mgomba una tabia hiyo hiyo. Dawa ya bibo ni saa ya kwanza: maji baridi mengi yapite kutoka nyuma, tena na tena, kisha matone ya limau au siki nyeupe yaliyochanganywa na maji, kisha kusuuza sana. Usianze na sabuni ya mche, kwa sababu ukali wake wa magadi huweza kulikoleza doa la tanini. Doa lililokwisha kuwa kahawia kwenye pamba nyeupe tupu laweza kujaribiwa kwa dawa ya kung'arisha yenye oksijeni, kwa saa kadhaa, katika maji ya uvuguvugu. Hutapata ushindi kila mara. Mafuta ya ganda la korosho ni jambo jingine: huunguza ngozi, basi anayeyagusa avae glavu, na kazi ya sindano ikae mbali kabisa na mahali korosho zinapobanguliwa.

La tatu ni chai ya maziwa. Doa hili ni matatu kwa pamoja: tanini ya majani, protini na mafuta ya maziwa, na sukari. Maji baridi kwanza, yaondoe sukari na protini. Kisha sabuni laini ya maji kwa ajili ya mafuta. Kisha siki iliyopunguzwa kwa ajili ya tanini. Sukari iliyobaki haionekani hadi pasi inapopita juu yake. Hapo huungua ikawa kahawia.

La nne ni manjano, yaani bizari ya mchuzi na pilau. Rangi yake hugeuka nyekundu ikikutana na sabuni kali, na wengi hushtuka wakidhani wameharibu kitambaa. Suuza tu, itarudi kuwa ya njano. Adui wa manjano ni jua. Fua kwa sabuni ya maji, suuza, kisha anika sehemu yenye doa juani ikiwa bado na unyevu, ukizifunika nyuzi za rangi kwa kitambaa kingine. Rudia siku ya pili na ya tatu, na doa litafifia.

La tano ni kutu, kutoka kwenye waya wa kuanikia, pini zilizosahauliwa, sindano iliyoachwa katikati ya kazi, au maji yaliyotiririka juu ya bati kuukuu. Hapa jiki ni sumu kwa kazi yako, kwa sababu klorini huzidisha kutu na kuikoleza. Limau na chumvi ndiyo dawa: asidi ya limau hukikamata chuma na kukiachisha uzi. Paka, weka juani kwa muda mfupi huku ukiangalia isikauke, suuza kwa maji mengi, rudia. Nakumbusha, asidi isibaki ndani ya pamba.

La sita ni ukungu wa masika, kati ya Machi na Mei. Nguo iliyokunjwa ikiwa na unyevu kidogo huota vidoa vyeusi. Itoe nje ya nyumba kwanza, iache ikauke juani, ipige mswaki huko huko nje ili mbegu za ukungu zisisambae kabatini, kisha ndipo ufue. Ukungu ukishakula uzi, vidoa vyake mara nyingi hubaki. Kinga ndiyo dawa yake ya uhakika.

La saba ni mafuta, na hapa Kisarawe imejaliwa. Vilima vya Pugu vina hazina kubwa ya kaolini, udongo mweupe laini unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri na karatasi. Mataifa mengi yametumia udongo wa namna hii kunyonya mafuta kwenye nguo tangu kale. Kaolini iliyosafishwa, au wanga mkavu wa muhogo tulionao kila kijiji, hufanya kazi hiyo vizuri. Nyunyiza juu ya doa bichi la mafuta, usisugue, acha usiku kucha, kung'uta, rudia, ndipo uoshe kwa sabuni ya vyombo. Lakini usichote udongo ukingoni mwa barabara ukaumwaga juu ya shuka. Udongo usiosafishwa una mchanga na chembe za chuma, nawe utakuwa umetoa doa moja na kuleta mengine.

Madoa yanayozaliwa mkononi mwa fundi

Yapo madoa ambayo mteja hana lawama nayo. Yalikuwepo kabla kazi haijamfikia.

La kwanza ni damu ya kidole kilichochomwa. Likiwa bichi, mate kidogo kwenye pamba au maji baridi hutosha. Likikauka, loweka sehemu hiyo kwenye maji baridi yenye chumvi, ukibadilisha maji yanapogeuka rangi. Kwenye kitambaa cheupe, matone ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, inayouzwa katika maduka ya dawa, hutoa povu na kuliinua doa. Usiigusishe na uzi wa rangi kabla ya kuujaribu.

Halafu kuna mchoro wenyewe. Wengi wetu huchora ua kwa biro au kwa karatasi ya kaboni, tukitumaini kwamba uzi utafunika. Uzi haufuniki kila mstari. Wino wa biro hauogopi maji; huogopa spiriti. Weka kitambaa cheupe chini ya doa, gusa kwa pamba yenye spiriti kutoka upande wa pili, sogeza kitambaa cha chini kila kinaponyonya wino. Spiriti huyeyusha rangi za baadhi ya nyuzi, hivyo jaribio la uzi halikwepeki. Kaboni ina nta, basi ioshwe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu kabla pasi haijaikaribia. Ushauri wangu kwa kila darasa la ushonaji ni huu: biro iachwe. Penseli iliyochongwa vizuri, kwa mkono mwepesi, hutosha.

Kisha kuna alama ya fremu, ule mduara wa kijivu unaobaki kazi inapokamilika. Ni jasho na mafuta ya mikono yaliyobanwa kwa siku nyingi mahali pamoja. Mikono ioshwe kabla ya kuketi, fremu izungushiwe utepe wa bafta safi, na ivuliwe kila jioni. Sindano nayo itolewe, isilale ndani ya kitambaa.

Mwisho ni uzi unaochuja. Ukiona wekundu unaingia kwenye weupe, usiiache kazi ikauke na usiikamue. Iingize kwenye maji baridi mengi, badilisha maji mara nyingi iwezekanavyo, hadi yabaki maangavu. Maadamu bado ni mbichi, rangi iliyotoka inaweza kuondoka. Ikikauka, na hasa ikipigwa pasi, imehamia. Wengi tumefundishwa kuloweka kwenye chumvi ili rangi ishike. Chumvi husaidia kiwandani, wakati uzi unapotiwa rangi. Uzi uliokwisha kununuliwa dukani hauponywi kwa chumvi. Kinachosaidia ni kuuosha kabla ya kushona. Fundi anayetumia uzi mwekundu juu ya bafta nyeupe auloweke kwanza, auanike, ndipo autunge.

Jiki, jua na maji

Mniruhusu nikae kidogo kwenye jiki, kwa sababu imeshaharibu kazi nyingi.

Kabla ya mwisho wa karne ya 18, weupe wa nguo ulitafutwa juani. Katika viwanja vya majani karibu na mji wa Haarlem, Uholanzi, vitambaa vya kitani vilitandazwa kwa majuma na miezi, vikimwagiwa maji mara kwa mara, hadi vikawa vyeupe. Katika miaka ya 1780 mkemia wa Ufaransa Claude Louis Berthollet alionyesha kwamba klorini hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi sana. Jiki tunayoinunua leo ni mzao wa ugunduzi huo. Ni dawa nzuri kwa choo, kwa sakafu, na kwa shuka jeupe la pamba lisilo na darizi. Lakini haichagui. Inayoondoa rangi ya doa ndiyo hiyo hiyo inayoondoa rangi ya ua, na kila inapopita hudhoofisha pamba yenyewe. Vile viua vya kofia vinavyokatika baada ya kufuliwa mara chache, mara nyingi ni pamba iliyoliwa na klorini. Na jambo la usalama: usichanganye jiki na siki au limau kamwe. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu kwa mapafu.

Jua tunalo bure. Kwa kazi nyeupe tupu ya pamba, kuitandaza juu ya majani safi ikiwa na unyevu, asubuhi, ni njia ya polepole isiyoua uzi. Kwa kazi ya rangi, kivuli chenye upepo ndipo mahali pake.

Maji nayo yatazamwe. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu uko Mlandizi, katika wilaya hii hii ya Kibaha, na Kisarawe ilianza kupata maji ya Ruvu kwa bomba kutoka Kibamba mwaka 2020. Lakini nyumba nyingi bado hufulia maji ya visima. Pale ambapo sabuni haitoi povu, maji yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, na sabuni ya mche hugeuka utando wa kijivu unaokaa kwenye mshono. Watu wakiona ukijivu huo hutia jiki, na ukijivu haukuwa doa. Hapo tumia sabuni ya unga au ya maji, na suuza ya mwisho iwe kwa maji ya mvua yaliyokingwa chini ya bati lisilo na kutu.

Namna ya kufua kazi nzima

Kazi ikishapita majaribio, iweke ndani ya beseni pana lenye maji baridi. Kwanza tandika kipande cha chandarua safi chini yake, maana kitambaa kilicholowa ni kizito na ukikiinua kwa pembe moja utavuta mishono. Chandarua ndicho kitakachonyanyuliwa. Tia sabuni kidogo iliyokwisha kuyeyuka. Usifikiche. Bonyeza kwa kiganja na kuachia, maji yapite ndani ya kitambaa. Suuza mpaka maji yawe maangavu. Usikamue: tandaza kazi juu ya taulo, ikunje pamoja na taulo, ibonyeze, ifungue.

Anika ikiwa imelala bapa. Kofia ivalishwe juu ya bakuli lenye ukubwa wake, ili isipoteze umbo. Kazi ipigwe pasi kwa nyuma, ikiwa imelazwa juu ya taulo nene, ili maua yabaki yameinuka. Ukiipiga kwa mbele utayalaza. Mwenye pasi ya mkaa aikung'ute majivu mbali na nguo, na aweke kitambaa safi katikati.

Wanga unastahili kutajwa peke yake. Kofia na vitambaa vya kochi hutiwa wanga ili visimame, na Kisarawe ina muhogo wa kutosha. Wanga hufanya kazi nyingine: hujenga utando mwembamba juu ya nyuzi, uchafu ukakaa juu ya utando, na siku ya kufua vyote viwili huondoka pamoja. Kwa hiyo kazi inayotumika kila siku itiwe wanga. Kazi inayowekwa sandukuni isitiwe, maana mende na ukungu huupenda. Izungushwe ndani ya bafta iliyofuliwa, isifungwe ndani ya mfuko wa plastiki, na ikunjuliwe kila baada ya muda ili mikunjo isikatike.

Doa lisilotoka

Itafika siku utafanya yote haya kwa uangalifu na doa litabaki. Hapo zipo njia mbili za heshima. Ya kwanza ni kulistiri: jani, chipukizi au kipepeo hushonwa juu yake kwa uzi wa rangi ile ile, na kazi ikapata umbo jipya. Fundi mwenye jicho hufanya isionekane kwamba palikuwa na dhara.

Njia ya pili ni kuliacha. Wahifadhi wa makumbusho, ambao kazi yao ni kutunza nguo za miaka mingi, hupima kwanza: je, dawa itadhuru zaidi ya doa? Ikiwa ndivyo, hawagusi. Shuka alilolishona bibi likiwa na duara dogo la chai pembeni bado ni shuka la bibi. Likitobolewa na dawa, limekwisha.

Wito wangu

Ndugu zangu, wilaya hizi mbili zina mahali pa kuanzia. Mwaka 1963 nchi za Nordiki ziliungana na Tanganyika kujenga mradi wa Kibaha, wenye shule, kituo cha wakulima na kituo cha afya, na mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa Tanzania. Ndio Shirika la Elimu Kibaha la leo. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975, navyo viko Kibaha na viko Kisarawe. Vilijengwa ili mwananchi ajifunze kazi itakayomlisha. Ushonaji unafundishwa. Naomba utunzaji wa kazi ya sindano ufundishwe pamoja nao, ukipimwa kwenye mtihani wa vitendo: mwanafunzi apewe kitambaa chenye doa la bibo, la biro na la damu, aonyeshe amelitambua kila moja na kulishughulikia kwa mpangilio sahihi.

Kwa mafundi mnaouza, naomba kila shuka na kila kofia iende na kikaratasi kidogo. Kiandikwe kitambaa ni cha nini, uzi ni wa nini, ifuliwe kwa maji baridi, isitiwe jiki, ipigwe pasi kwa nyuma. Mistari mitano inatosha. Mteja aliyelipa bei ya mkono ana haki ya kujua namna ya kuutunza mkono huo, na kazi inayodumu miaka ishirini hulitangaza jina la fundi kwa miaka ishirini.

Na kwa sisi tunaotumia: ukiona doa, weka chupa chini. Litazame, uliza lilikotoka, jaribu kwa nyuma, anza na maji baridi. Mwanamke aliyeketi barazani akihesabu nyuzi hakuharakisha. Kazi yake inastahili mkono usioharakisha pia.